Senema Inavyowasingizia Watu wa Asia



Mwaka 1943 alizaliwa Uingereza mtoto mmoja, akapewa jina la Krishna Bhanji. Baba yake alikuwa daktari mwenye asili ya Gujarati, na babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo aliyetoka Bara Hindi akaja kukaa Zanzibar. Kwa hiyo mtoto huyo, ingawa hakuzaliwa pwani yetu, ana nasaba nayo. Alipokuwa kijana aliipenda kazi ya kuigiza. Mwenyewe amesimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa kwa jina lake la kuzaliwa alisifiwa sana, kisha akaambiwa kuwa hawajui wamweke wapi. Akabadili jina, akajiita Ben Kingsley, na milango ikafunguka. Mtu ni yule yule, sauti ni ile ile, na ujuzi ni ule ule. Kilichobadilika ni jina kwenye karatasi.

Kisha tazama yaliyofuata. Mwaka 1983 mtu huyo huyo alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora, na picha iliyompatia tuzo hiyo ilikuwa "Gandhi", ambamo aliigiza kiongozi mkubwa wa Bara Hindi. Yaani ilimpasa avue jina la Kihindi ndipo aaminiwe kuvaa nguo za Kihindi! Sisi hatumlaumu yeye. Mwenye njaa halaumiwi kwa kupita dirishani ikiwa mlango umefungwa. Wa kuulizwa ni aliyeufunga mlango.

Wala yeye hakuwa wa kwanza. Merle Oberon, mwigizaji mashuhuri wa miaka ya 1930, alizaliwa Bombay mwaka 1911, lakini alishikilia kusema kuwa amezaliwa Tasmania, katika Australia, ili isijulikane kwamba ana damu ya Asia. Alikufa mwaka 1979, na ulimwengu ukaja kuijua kweli baada ya yeye kuzikwa. Hebu fikiri, msomaji, ni uzito gani huo: kuishi miaka yote hiyo ukimkana mama yako mbele za watu ili upate riziki.

Tukisema "watu wa Asia" katika makala hii, hatukusudii Wahindi wa madukani peke yao, kama tulivyozoea kusema Afrika Mashariki. Twakusudia Wachina, Wajapani, Wakorea, Wahindi, Wapakistani, na pia Waarabu na Waajemi wa Asia ya Magharibi. Na tukisema "senema", twakusudia zile picha kubwa za Marekani na Uingereza ambazo huonyeshwa dunia nzima, na ambazo leo mtoto wako anaziona hata kwenye simu yako. Twadai kwamba picha hizo kwa muda wa miaka mia zimetoa ushahidi wa uongo juu ya watu hao. Twadai zaidi ya hapo: kwamba sisi watazamaji tumekuwa wasikilizaji wa ushahidi huo, tukalipa kiingilio, tukacheka.

ADUI MMOJA, NA ADUI PEKE YAKE

Huenda ukasema: "Kila picha ina adui wake. Adui akiwa Mhindi au Mchina, kuna ubaya gani?" Swali hilo ni zuri, na jawabu lake ndiyo shina la makala hii.

Wazee wetu waliokwenda senema ya Majestic huko Unguja, au Empire mjini Dar es Salaam, walikuwa na bahati ambayo watazamaji wengi wa London na New York hawakuwa nayo. Waliziona picha za Kihindi zilizotengenezwa na Wahindi wenyewe. Chukua "Awara" ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951. Humo mwizi ni Mhindi. Hakimu mwenye kiburi ni Mhindi. Wakili anayemtetea mwizi, naye ni mwanamke, ni Mhindi. Mama anayeonewa ni Mhindi. Na jambazi anayempotosha kijana ni Mhindi pia. Mtazamaji alitoka pale akiwa amelia na amecheka, lakini hakutoka akisema, "Wahindi wote ni wezi." Angesemaje hivyo, na amekwisha waona wa kila namna, wema na waovu, werevu na wajinga, kama walivyo jirani zake mwenyewe?

Sasa mtazame mwigizaji Amrish Puri. Mwaka 1987 aliigiza Mogambo, adui wa picha ya "Mr. India". Waliomwona hawamsahau, kwa ukali wa macho na sauti yake. Lakini stelingi aliyemshinda alikuwa Mhindi, na mayatima waliookolewa walikuwa Wahindi. Hapakuwa na tukano kwa mtu yeyote.

Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1984, mwigizaji huyo huyo alichukuliwa na Wamarekani katika "Indiana Jones and the Temple of Doom". Humo alifanywa kuhani anayechomoa moyo wa mtu kwa mkono wake. Na Wahindi wengine katika picha hiyo ni nani? Ni wanakijiji wanyonge wanaomngoja Mzungu awaokoe. Ni mfalme mtoto aliyerogwa. Ni wakubwa wa jumba la kifalme wanaokaa karamuni wakila nyoka na ubongo wa nyani. Stelingi ni nani? Ni Mmarekani mweupe mwenye kofia na mjeledi. Serikali ya India ilipoona yaliyoandikwa katika mchezo huo haikuridhia utengenezwe nchini mwake, na watengenezaji wakaenda Sri Lanka.

Basi ona tofauti, ndugu msomaji. Mwigizaji ni mmoja na uovu ni ule ule. Lakini katika picha ya kwanza yeye ni adui mmoja kati ya watu wengi wa kabila lake, na katika ya pili hakuna mtu wa kabila lake aliyepewa akili, ushujaa na heshima ya kumpinga. Adui mmoja kati ya wengi ni adui tu. Adui asiye na mwenzake mwema amekuwa shahidi dhidi ya taifa zima.

MLANGO ULIOFUNGWA

Hebu sasa tutazame habari za watu watatu, wote wamekwisha fariki, ili tujue kwamba jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya.

Wa kwanza ni Anna May Wong. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, binti wa dobi wa Kichina. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa mwigizaji mkuu wa picha ya "The Toll of the Sea", na watu wakamsifu. Lakini humo alikuwa nani? Alikuwa msichana wa Kichina aliyeachwa na bwana mweupe, akamtoa mwanawe, kisha akajitupa baharini. Mwaka 1924, katika "The Thief of Bagdad", akawa mtumwa msaliti. Mwaka 1931 akawa binti wa jitu ovu liitwalo Fu Manchu. Kufa, kusaliti au kutumikia: hayo ndiyo mafungu aliyogawiwa.

Ndipo ikaja picha ya "The Good Earth", ya mwaka 1937, inayosimulia maisha ya wakulima wa China. Hatimaye picha kubwa, yenye mwanamke wa Kichina mwenye subira na utu! Nani alistahili nafasi hiyo kuliko yeye? Akapewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, aliyepakwa rangi usoni. Mume wake katika mchezo alikuwa Paul Muni, mweupe naye. Na kanuni za senema za Marekani za wakati huo zilitumiwa kuzuia mapenzi baina ya watu weupe na watu wa rangi nyingine yasionyeshwe. Kwa hiyo Mzungu aliyejigeuza Mchina hakuweza kuwa na mke Mchina wa kweli! Anna May Wong aliambiwa achukue nafasi ya Lotus, yule kimada anayeivuruga nyumba. Akakataa. Luise Rainer akapata Oscar. Mwaka 2022, miaka 61 baada ya kufa kwake, sura ya Anna May Wong ilichorwa kwenye sarafu ya Marekani. Waliomnyima kazi akiwa hai walimpa sarafu akiwa kaburini.

Wa pili ni Keye Luke, mzaliwa wa China aliyekulia Marekani. Siku hizo kulikuwa na picha nyingi za mpelelezi wa Kichina aitwaye Charlie Chan, mtu mpole mwenye kusema kwa mafumbo. Aliyemwigiza alikuwa Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, na huyo ndiye pia aliyekuwa Fu Manchu. Keye Luke aliingia mwaka 1935 kuwa mwana wa mpelelezi huyo. Mchina wa kweli akawa mtoto wa Mchina wa bandia! Basi zikapita zama, ikapita vita kuu, na mwaka 1972 ukaanza mchezo wa televisheni uitwao "Kung Fu". Stelingi alitakiwa awe mtu mwenye damu ya Kichina, akawekwa David Carradine, mweupe. Na Keye Luke yuko wapi? Ni mwalimu kipofu, anamfundisha Mzungu kuwa Mchina. Miaka 37 ilipita baina ya michezo hiyo miwili, na bado alikuwa amesimama pembeni ya kiti kilekile.

Wa tatu ni Philip Ahn, na habari yake ni chungu zaidi. Baba yake, Ahn Chang-ho, alikuwa mmoja wa viongozi waliopigania uhuru wa Korea kutoka katika utawala wa Wajapani. Wajapani walimtia gerezani, akatoka akiwa mgonjwa, akafa mwaka 1938. Marekani ilipoingia vitani na Japani, Wamarekani wenye asili ya Kijapani wapatao 120,000 walifungiwa makambini, na Hollywood ikahitaji sura za kuigizia maafisa wakatili wa Kijapani. Ikawachukua Wachina na Wakorea, na Philip Ahn akiwa mmoja wao. Mtoto wa marehemu akapewa nguo za waliomwonea baba yake, kwa sababu mwenye senema haoni tofauti baina ya Mkorea na Mjapani. Kwake yeye wote ni "wale".

Na wakati watu hao wakingoja pembeni, Wazungu waliendelea kubandikwa macho na kupakwa rangi. Mwaka 1956 John Wayne, mchunga ng'ombe wa senema, alimwigiza Genghis Khan. Mwaka 1961 Mickey Rooney alitiwa meno ya bandia akawa Mjapani wa kuchekwa katika "Breakfast at Tiffany's". Usidhani mambo hayo yaliishia hapo: mwaka 1984 Alec Guinness, Mwingereza, alimwigiza Mhindi wa tabaka la Brahmin katika "A Passage to India", na India ina waigizaji wasiohesabika.

ZAMU YA WAARABU NA WAISLAMU

Wapo miongoni mwetu ambao hawakujali dhihaka hizo hadi zilipowafika wao. Mwarabu wa senema alikuwa kwanza tajiri mpumbavu mwenye ngamia na wanawake wengi. Baadaye akawa mtu wa mabomu. Profesa Jack Shaheen, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon, alitazama picha zaidi ya 900 zenye Waarabu, na mwaka 2001 akatoa kitabu chake "Reel Bad Arabs". Aliona kwamba walioonyeshwa kama watu wa kawaida, yaani baba anayekwenda kazini, mama anayepika, mwanafunzi anayesoma, ni wachache mno.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza picha 200 zilizopendwa sana kati ya mwaka 2017 na 2019, kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Katika watu 8,965 wenye maneno ya kusema, Waislamu walikuwa asilimia 1.6 tu. Picha 181 kati ya hizo 200 hazikuwa na Mwislamu hata mmoja. Umma ambao ni karibu robo ya wanadamu wote haumo. Na ukiwamo, mara nyingi umeshika silaha, au umeangushwa nayo.

Lakini nakuomba, msomaji, usisimame hapo ukalia kwa ajili ya nafsi yako peke yake. Ukikasirika Mwarabu anapofanywa gaidi, kisha ukacheka Mchina anapofanywa kikaragosi, wewe huchukii dhuluma. Unachukia tu kuwa umedhulumiwa wewe. Huo si uadilifu. Mizani ya haki haina upande wa jamaa.

HOJA ZA WATETEZI NA MAJIBU YAKE

Wanaotetea mwenendo huu wana hoja zao, nasi hatuna budi kuzisikiliza.

Husema kwanza: "Huu ni mchezo tu, watu wanajifurahisha." Jawabu: Mchezo ungekuwa hauna nguvu, matajiri wasingetumia mamilioni kuutengeneza, wala serikali zisingeutumia wakati wa vita kuwatia watu ari na chuki. Mwamerika aliyekulia mahali pasipo na Mjapani hata mmoja alimjua Mjapani kwa njia ya senema. Siku jirani huyo alipokuja kuchukuliwa na familia yake kupelekwa kambini, ni nani angemtetea? Humtetei mtu ambaye umefundishwa kumcheka na kumwogopa.

Husema pili: "Kuigiza ni kujifanya. Kwa nini Mzungu asijifanye Mchina?" Jawabu: Tungelikubali hilo kama mlango ungefunguka pande zote mbili. Mzungu aliweza kuwa Mchina, Mhindi, Mwarabu na Mmongolia. Je, Keye Luke alipata kuwa rais wa Marekani katika picha za siku hizo? Anna May Wong alipata kuwa malkia wa Uingereza? Kujifanya kulikoruhusiwa kwa upande mmoja tu si sanaa, ni kunyang'anya.

Husema tatu: "Biashara ni biashara, watazamaji hawataki stelingi wa Kiasia." Jawabu: Huo ni uongo uliothibitishwa na hesabu zao wenyewe. Bruce Lee, mzaliwa wa San Francisco, alikuwa dereva na mtumishi wa stelingi mweupe katika mchezo wa televisheni wa "The Green Hornet" wa mwaka 1966 na 1967. Akaondoka, akaenda Hong Kong, na mwaka 1971 akatoa "The Big Boss". Alikufa mwezi wa Julai 1973, "Enter the Dragon" ikiwa bado kuonyeshwa Marekani, na picha hiyo ikajaza majumba ya senema duniani kote. Waulize waliokuwa vijana Dar es Salaam na Mombasa katika miaka ile. Watakueleza jinsi walivyopanga foleni. Na mwaka 2018 "Crazy Rich Asians", yenye waigizaji wa Kiasia karibu wote, iligharimu dola kama milioni 30 na kuingiza zaidi ya dola milioni 230. Mtazamaji hakukataa. Aliyekataa ni mwenye kugawa nafasi, kisha akamsingizia mtazamaji.

Husema nne: "Lakini waigizaji wenyewe walikubali nafasi hizo." Jawabu: Mtu akikuwekea sahani mbili, moja ya makombo na moja tupu, ukala makombo, je, hiyo ni hiari? Na waliokataa tumewaona walivyolipwa.

Husema tano: "Hayo ni ya zamani, sasa mambo yamebadilika." Jawabu: Yamebadilika kiasi, na mwenye haki hufurahi kwa kila kheri. Mwaka 2023 Michelle Yeoh, mzaliwa wa Malaysia, alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Siku hiyo hiyo alipewa tuzo Ke Huy Quan, ambaye mwaka 1984 alikuwa yule mtoto wa Kichina anayemfuata stelingi katika picha ile ya Indiana Jones tuliyoitaja. Lakini uliza alikuwa wapi miaka yote hiyo kati. Alipokuwa mtu mzima hakuna aliyemhitaji. Akaacha kuigiza, akafanya kazi nyuma ya kamera kupanga mapigano ya wengine. Umri wake wa ujana, ambao ndio mtaji wa mwigizaji, ulikwenda bure. Oscar haiwezi kumrudishia. Kadhalika, Miyoshi Umeki, Mjapani, alipata Oscar mwaka 1958, na mwanamke wa pili wa Asia kupata tuzo ya kuigiza, Youn Yuh-jung wa Korea, alikuja kuipata mwaka 2021. Ni miaka 63 baina yao. Na wataalamu wale wale wa Southern California walipochunguza picha 1,300 za mwaka 2007 hadi 2019, waliona 44 tu zenye mwigizaji mkuu mwenye asili ya Asia au visiwa vya Pasifiki. Na kati ya hizo, 14 ni za mtu mmoja, Dwayne Johnson. Mlango umefunguliwa kidogo, ndiyo. Mlango uliofunguliwa kidogo hufungwa kwa upepo mdogo.

NA SISI JE?

Sasa nageuza uso, ndugu msomaji, nikutazame wewe, na mimi nikiwamo.

Ni rahisi kuinyooshea kidole Hollywood, kwa kuwa iko mbali. Lakini tazama vichekesho vyetu wenyewe vya redio, televisheni na jukwaani. Mhindi wa vichekesho vyetu ni nani? Ni mwenye duka, bahili, mwoga, asemaye Kiswahili cha kuvunjika, na watu huanza kucheka kabla hajasema lolote. Je, hujawahi kumwona Mhindi maskini? Daktari wa Kihindi aliyemtibu mtoto wako usiku? Fundi, mwalimu, mwanasheria? Na wapo wenye asili hiyo ambao Kiswahili chao ni kizuri kuliko changu na chako, kwa kuwa babu wa babu zao walizikwa Unguja, Lamu na Mombasa. Hao hawamo katika mchezo. Tumewafungia mlango, vile vile kama tulivyomlaumu Mmarekani kwa kuufunga.

Na Mchina? Reli ya TAZARA ilijengwa na Watanzania na Wazambia pamoja na Wachina, ikakabidhiwa mwaka 1976. Wapo Wachina waliofia kazi hiyo, na wamezikwa katika ardhi ya Tanzania. Watu waliolala katika udongo wetu si wageni kwetu. Lakini leo Mchina akipita mtaani, vijana humpigia kelele za "Jackie Chan!", wakarusha mateke hewani, wakamwigiza lugha yake kwa sauti za kipuuzi, na watu wazima waliokaa barazani hucheka. Nani aliyewafundisha watoto hao? Senema iliwafundisha, na baraza likathibitisha somo.

Dini yetu imetukataza dhihaka na kupeana majina ya kutwezana, na katazo hilo halikuwekewa kando sura za macho wala rangi za ngozi. Anayemdhihaki mtu kwa umbo lake anaidhihaki kazi ya Aliyemuumba. Mwislamu anayelalamika kwamba dunia inamsingizia, hana budi aanze kwa kutosingizia.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tujue kwamba malalamiko hayapotei bure. Mwaka 1992 ilipotoka picha ya "Aladdin", wimbo wake wa mwanzo ulisema juu ya nchi ya Waarabu kuwa ni mahali mtu hukatwa sikio kwa kutopendezwa naye. Wamarekani wenye asili ya Kiarabu walilalamika, na mwaka 1993 maneno hayo yakabadilishwa. Hawakuchoma kitu wala hawakumpiga mtu. Walisema, wakaandika, wakashikilia neno lao.

Pili, ukikaa na watoto wako kutazama picha, usiwaachie senema iwalee peke yake. Waulize: "Mhindi yuko wapi katika picha hii? Mwarabu je? Ana jina? Ana mama? Ana neno la akili alilolisema? Au amekuja ili auawe?" Mtoto aliyezoezwa kuuliza maswali hayo hadanganyiki upesi.

Tatu, wenye kutunga na kuigiza michezo hapa kwetu wajue kuwa kumchekesha mtu kwa lafudhi ya mwenzake ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, na mwenye kipawa haihitaji. Tuandikieni Mhindi mwenye huzuni, Mchina mwenye hekima, Mwarabu maskini, Msomali mwenye mzaha. Na mkitaka adui, tengenezeni adui; lakini mpeni jirani mwema wa kabila lake.

Nne, na hili ni la kila mmoja wetu: tuchunge kicheko chetu. Mwenye senema huhesabu mambo mawili, fedha zako na kicheko chako. Usipocheka, atatafuta mchezo mwingine.

Kule Uingereza kijana mmoja mwenye damu ya Zanzibar alivua jina la babu yake ili apate kazi. Hatujui ni wangapi waliovua majina yao na bado wasiitwe, wala ni wangapi walioyashikilia majina yao wakarudi nyumbani wakafanya kazi nyingine, na vipawa vyao vikafa nao. Hao hatutawaona katika picha yoyote. Lakini yuko mtoto jirani yako, anayeitwa Bhanji, au Li, au Al-Harthy, naye leo anatazama picha ile ile anayoitazama mwanao. Mwanao anapocheka, mtoto yule anajitazama mikono yake. Muonee haya, msomaji, na umkataze mwanao.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli juu ya watu wote, wale tunaowapenda na wale tusiowajua.